Mama Hakuteleza Bafuni

S.L.P. 4173,
Chanika,
Dar es Salaam.
20 Septemba 2025

Mpendwa shemeji Ansbert,

Pokea salamu zetu kutoka Chanika. Huko Mpanda natumaini mnaamka wazima, wewe na Benedicta na watoto, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeachia. Sie huku tunapumua. Jesca kang'oka meno mawili ya mbele na hakubali kucheka mbele za watu. Dada yako Felicitas bado anadamka saa kumi na moja kuwahi shule anayofundisha Ukonga.

Najua unashangaa, barua ya mkono zama hizi! Simu yangu Felicitas anaishika, na wewe unachati naye kila siku. Hii nataka uisome peke yako, ndiyo maana nimempa mtu wa basi. Tafadhali kaa chini kwanza.

Mama hakuteleza bafuni, shemeji. Mie ndiye niliyemwangusha.

Unaikumbuka ile pikipiki ya umeme niliyoiunda mwenyewe, uliyonicheka nayo Krismasi ukaniuliza maiti nimeichimbua makaburi gani? Fremu ya pikipiki mfu, mota kwenye tairi la nyuma, betri chini ya siti. Ilikuwa na wazimu mmoja tu, mafuta. Tunayaita hivyohivyo, kile kishikio cha kuzungusha cha mkono wa kulia, japo mafuta yenyewe haina. Ukikigusa kidogo tu, inaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Nilihangaika nayo miezi minne. Nikafunga springi ngumu, wapi! Nikabadilisha kishikio chenyewe, wapi! Mwisho nikagundua dawa imo kwenye kontrola, kile kiboksi kinachogawa umeme kwenda kwenye mota. Unaiunganisha na simu, unaiambia itoe nguvu taratibu. Nikaiweka ichukue sekunde tatu nzima kupandisha kasi, ikatulia. Mama mwenyewe ndiye akawa abiria wangu wa kwenda kliniki ya presha, na akawa anaisifia kwa kila jirani.

Unajua mama anavyokaa. Anakaa upande, miguu pamoja, mkoba mapajani. Na mie hanishiki. Mkwe hashikwi kiuno, hilo hata ungempigia magoti. Alikuwa anashika kile chuma cha keria kwa mkono mmoja, basi. Nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana chuma chenyewe nilikichomelea mie kwa ajili yake.

Sasa sikia ujinga wangu. Jumatatu ile, siku moja kabla mama hajaanguka, nilikwenda kuchukua chakula cha kuku, magunia mawili, na kile kilima cha Pugu kikanishinda. Pikipiki ilikuwa imelainika mno. Kila nikisimama nikitaka kuondoka tena, inakosa nguvu, inaanza kurudi nyuma. Vijana wa bodaboda wakanizomea, "Fundi, isukume hiyo baiskeli yako!" Nikaona aibu, shemeji. Mtu mzima na akili zangu, nikaona aibu! Nikatoa simu palepale pembeni ya barabara, nikairudishia ukali wake wote. Ikapanda kilima, na magunia niliyafunga kwa mpira, wala hayakutikisika. Nikajisemea nikifika nyumbani nailainisha tena. Nikafika, nikashusha magunia, nikala, nikasahau.

Kesho yake asubuhi Felicitas alikuwa ameshaondoka. Mama akapanda, akasema, "Tayari, baba." Nikagusa mafuta. Pikipiki ikaenda, mama akabaki. Hata getini hatukuwa tumefika. Nilipogeuka alikuwa chini kwenye kokoto, mkoba wake kaukumbatia. Mungu wangu! Nikamkimbilia, na kabla hata hajalia kwa maumivu akaniambia, "Baba Jesca, waambie nimeteleza bafuni."

Nami nikawaambia. Nilimwambia daktari, nikamwambia Felicitas, nikakuambia na wewe kwenye simu, ukanipa pole. Ile pole yako sijaimeza mpaka leo.

Nyonga wameiwekea chuma. Wiki iliyopita daktari ametutamkia kwamba kwa umri ule mama hatasimama tena mwenyewe. Mchana wote niko naye mie, kwa kuwa kazi zangu za ufundi nafanyia hapahapa barazani. Namtoa kitandani namweka kitini, namtoa kitini nampeleka hadi mlango wa choo, pale Mama Badru jirani anampokea. Kila nikimbeba, mama anajifunika uso kwa kitenge. Na maji hanywi, tangu asubuhi mpaka Felicitas arudi, ili nisimbebe mara nyingi. Mtu wa presha, hanywi maji! Nikimbembeleza ananiambia hana kiu.

Na Felicitas ananishukuru, ndilo linaloniua. Anasema hakujua aliolewa na mtu mwenye moyo wa namna hii. Jumapili iliyopita kwenye jumuiya walinisimamisha wakanipigia makofi, eti mkwe wa mfano. Nilitamani ardhi inimeze. Nimekonda, sili. Ile pikipiki nimeisukumia banda la kuku. Watu wanakuja kuniomba niwaundie ya kwao, nawaambia sijui kuunda kitu.

Jana niliiachia barua hapo. Leo Felicitas alipotoka kwenda misa nikamwambia mama kwamba nimechoka, akirudi namwambia ukweli. Nilidhani atanikataza kwa upole, au atasema alishanisamehe. Aliutoa uso kwenye kitenge, akaniangalia. Akasema, "Mwambie. Atakufukuza, mwanangu namjua. Halafu mie anibebe nani?"

Nikatoka. Nimekaa hapa barazani namalizia kuandika.

Msamaha sikuombi, huo utaamua mwenyewe. Nakuomba uje. Usingoje shule zifungwe, omba ruhusa. Mama wa kuzaa kubebwa na mwanawe hakuna atakayeona haya, na maji atakunywa. Siku utakayomwinua wewe kwa mikono yako, siku hiyohiyo namwambia dada yako, na akinifukuza nitaondoka bila neno.

Nisalimie Benedicta na watoto. Baba mdogo Daniel mwambie mama anaendelea vizuri, ndivyo alivyoniagiza mwenyewe niseme. Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama.

Wako nikupendaye, hata kama ukifika hapa hutanitaka,

Fredrick