Matuta Yako ya Msituni, Mama Deo

Mama Deo, mwenzangu,

Huko uliko hakuna upepo wa mwezi wa nane, naamini hivyo, maana ule ulikuwa ukikukera kuliko kitu kingine chochote. Hapa ulivuma ukapita, mvua zikaja, na mpaka leo zinanyesha. Niko dukani Mazwi, wateja hakuna, vitenge vimening'inia tu, nikasema leo namwandikia Mama Deo. Kuna jambo nimelifanya Jumamosi iliyopita na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Najua utacheka, utauliza nitaambiwa na nani. Lakini wewe ulikuwa na masikio kila kona ya mji huu, na sidhani kama umeacha.

Jambo lenyewe ni la njia yetu ya msituni. Sasa usinikatize kama kawaida yako, niache nianzie mbali kidogo.

Daktari alikuambia utembee kwa sababu ya presha. Ukaona huwezi kuteseka peke yako, ukaja kunikokota na mimi, mimi ambaye presha sina! Ulisimama hapo mlangoni, ukanitazama kuanzia juu mpaka chini, ukasema, "Mama Tusa, utakaa kwenye hicho kiti mpaka uote mizizi." Jumamosi ile ya kwanza tulipanda bodaboda mpaka ukingoni mwa msitu, juu ya Katandala. Tukatembea kidogo, tukaona jiwe zuri, tukakaa. Tukala viazi vitamu vyote ulivyobeba, tukashuka, tukapanda bodaboda tukarudi nyumbani. Mazoezi hayo! Dereva alituuliza kama tulikwenda kusali.

Wenzetu walipotuona wakaanza kuja mmoja mmoja. Walimu, mafundi cherehani, wanakwaya wenzako, na Mzee Apolinari, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alijifanya mwenyekiti kabla hatujamchagua. Ndipo ile njia ikawa yetu. Hakuna aliyetutuma. Tulianza kwa kuokota chupa na mifuko, tukaingia kwenye kufyeka, mwishowe tukawa tunabeba mawe ya kuweka penye utelezi, na bwana misitu akatuachia, mradi tusikate mti. Na raha tulizipata, tusidanganyane. Msimu wa masuku ulikuwa unachelewesha msafara mzima, mtu mzima na mjukuu nyumbani, umepiga magoti chini ya mti unaokota matunda na kujaza kanga! Mzee Apolinari anapiga filimbi, wewe unamjibu mdomo umejaa. Wakati wa uyoga ndiyo kabisa, njia mlikuwa mnaiacha ninyi wenyeji, mnapotelea kichakani, mimi wa Rungwe nabaki nimeshika madumu ya uji wa ulezi nikiwalinda na nani sijui.

Ule mteremko wa kwenda kwenye chemchemi ulikuwa wako. Wewe ndiye uliyeuona, wewe uliyesema njia ishuke pale katikati ya misuku, moja kwa moja, ili mtu akishuka aone mabati ya mji yote yanang'aa. Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaishia na nyasi zimetufika kifuani, tukaenda na majembe kuisafisha. Na hapo, Mama Deo, ninyi Wafipa mkafanya mambo yenu. Mfipa umpe jembe, umwonyeshe nyasi, basi, hajui kitu kingine, atafanya tuta. Mlizikusanya nyasi, mkazifunika kwa udongo, mkaziviringisha mkono kwa mkono, tuta hili, tuta lile, kulia na kushoto, kutoka juu mpaka chini kwenye maji. Yalipendeza! Hata mimi nilisema jamani, njia imekuwa kama ya kupita askofu. Mzee Apolinari naye alikuwa ameinama anaviringisha lake, kofia imeanguka, hakuna aliyekumbuka kwamba tuko msituni na si shambani.

Tena wewe ukazidi. Wiki mbili baadaye bwana misitu anapita, anakuta maharage yameota juu ya matuta. Maharage, ndani ya msitu wa hifadhi! Alikuja mbogo, anauliza nani amelima humu. Ukamwamkia vizuri, ukamwambia, "Baba, tuta tupu linatia aibu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha, mwezi wa nane, wewe ukaanguka jikoni kwako asubuhi, na jioni yake hukuwepo.

Sijui nikuambie nini kuhusu msiba wako. Watu walijaa. Mimi nilijitupa jikoni, nikasonga ugali, nikagombana na wapishi, nikawatania ndugu zako kwamba mmemzika mwenzangu mapema ili mle samaki wa migebuka. Walicheka. Wote wakasema Mama Tusa amejikaza. Sikujikaza, mwenzangu. Nilikuwa nakimbia. Niliogopa kwamba nikisimama tu nitaanguka.

Nilichokifanya baada ya hapo ni kwenda kwenye mteremko wako. Jumamosi na kikundi, na siku nyingine peke yangu, naliacha duka kwa Tusa, napanda. Nashuka polepole kati ya matuta. Maharage ulikuwa umeshayavuna mwenyewe, zimebaki fito mbili tatu, na kwenye tuta moja palikuwa na alama ya vidole, udongo umekaukia vile ulivyoupigapiga. Nikaamua ni vyako. Huenda vilikuwa vya Mzee Apolinari, sikutaka kujua. Nilikuwa nakaa hapo nakusimulia habari za mtaa, na nikiinuka najisikia nimekutembelea. Kaburini kwako sikuwa naweza. Pale niliweza.

Halafu mvua zikaanza.

Matuta yale, Mama Deo, yalikuwa yameiziba njia pande zote mbili. Maji yanaingia juu, hayapati pa kutokea, yanakimbia katikati mpaka chini. Mvua za kwanza zikachimba mfereji mdogo. Zilizofuata zikaufanya korongo, mguu unazama mpaka gotini. Mzee Apolinari akatukalisha kwenye mawe pale mwanzo wa njia, akasema taratibu, ananitazama mimi, kwamba matuta yabomolewe, mteremko ufungwe na upandwe miti, njia mpya izunguke juu, ikate mlima kwa ubavu. Wote wakaitikia. Walikuwa wameshaongea pembeni, niliwajua kwa jinsi walivyokwepa macho yangu.

Niliwaka. Nilisema atakayegusa tuta la Mama Deo aanze na mimi. Niliwapa vidonge vyao mmoja mmoja, kwamba hawana shukrani, kwamba hata mwaka haujaisha na wanataka kufuta alama yako. Hakuna aliyethubutu. Wakaahirisha, na mimi nikaacha kwenda Jumamosi, nikawa naenda peke yangu na magunia ya mchanga, naziba korongo. Mwanamke wa umri wangu, nabeba magunia mlimani kama kibarua. Kila mvua ikinyesha inayabeba, na mimi nabeba mengine.

Siku moja ikanyesha usiku kucha. Kulipokucha nikapanda, nikakuta tumeshindwa. Magunia yamekwenda, misuku miwili imebaki mizizi nje. Nikashuka kwa kushikilia matawi mpaka chini. Pale kwenye chemchemi alikuwepo binti mmoja ana mtoto mgongoni, ndoo mbili tupu, amesimama tu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, tope tupu. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikamuuliza mbona huchoti, akasema anasubiri yatulie, amesubiri tangu alfajiri. Kisha akasema, bila ubaya wowote, hajui mimi ni nani, "Ni ile njia ya watu wa mazoezi. Imetuharibia maji."

Mama Deo, nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeitengeneza njia hiyo alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowahi kuishi nao jirani. Badala yake nikampokea mtoto, nikasimama naye mpaka yakatulia kiasi cha ndoo moja.

Lakini mimi ni mbishi, unanijua. Hata baada ya hayo sikwenda kwa Mzee Apolinari. Nilikwenda kwa Deo. Nikajiambia huyu ni mwanao wa kwanza, yeye akisema matuta ya mama yabaki, nani atabisha? Tutatafuta namna nyingine ya kuyaokoa maji. Nikamkuta nyuma ya nyumba yenu Katandala, kwenye kile kishamba chako, yuko na jembe. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, machozi yananilenga. Akanisikiliza huku amejiegemeza kwenye mpini, ameinamisha kichwa upande, wewe mtupu.

Akasema, "Mama mdogo, kwani mama hakukwambia? Tuta la nyasi halikai. Zile nyasi zikishaoza, mvua za kwanza tu linabomolewa, udongo unatawanywa, unapanda. Yale ya msituni yamepitiliza. Mama angekuwepo angekuwa ameshayabomoa zamani, na angetusema kwa uvivu."

Nikatazama alichokuwa anakifanya. Alikuwa anabomoa matuta yako ya nyumbani, yale uliyoyafanya kwa mkono wako mwaka jana. Anapiga jembe, tuta linafunguka, udongo wa ndani mweusi, laini, anautawanya, na nyuma yake mkewe anapanda ulezi. Hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa analima.

Kwetu Rungwe tuna migomba, mwenzangu. Mgomba unaukuta kwa bibi, unauachia mjukuu. Miaka yote hii nimekaa Ufipa nikiyaona matuta mashambani kila nikipita, nikidhani ni mapambo yenu tu, mnayapenda, yanakaa. Sikuwahi kuuliza. Nimepigana na kikundi kizima kulinda kitu ambacho wewe mwenyewe ulikifanya ili kibomolewe. Nilirudi dukani natembea kwa miguu, nacheka peke yangu barabarani na machozi yananitoka, watu wa Mazwi wakadhani nimepata barua mbaya.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda. Nilifika wa kwanza, na jembe lako, Deo alinipa. Wenzetu wakafika. Mzee Apolinari alinipa mkono tu, akaushika kwa muda mrefu. Nikawaambia lile tuta lenye vidole ni langu, mengine gawaneni. Nikalipiga. Nilidhani nitaumia, na niliumia, lakini lilipofunguka harufu ilinipiga, ile harufu nzuri ya udongo wa mvua, na ndani nyasi zote zilikuwa zimekwisha, hakuna hata unyasi mmoja. Nikaingiza mikono yote miwili. Ulikuwa na joto. Hapo ndipo nililia, Mama Deo. Kilio nilichokosa msibani kilinitokea pale, kwa sauti, mbele ya kikundi, na kamasi juu. Wanakwaya wako walianza kuimba taratibu, hawakunisogelea, waliendelea kulima. Nawashukuru kwa hilo.

Udongo wote hatukuutupa. Tuliujaza kwenye lile korongo, tukapanga mawe kwa kukingama ili maji yapungue kasi, tukapanda miche kutoka juu mpaka karibu na chemchemi, misuku na mikuyu, kila mche ukipewa udongo wako mweusi. Mmoja niliupanda katikati kabisa ya njia, pale pa kuanzia kushuka, ili mtu asipate pa kuweka mguu. Nilimwambia Mzee Apolinari asiweke kibao chenye jina lako. Alikuwa ameshakifikiria, uso ulimwanguka. Lakini kikiwekwa, watu wataenda kutafuta mteremko wa Mama Deo, na watakanyaga miche.

Hilo ndilo nililotaka ulisikie kwangu. Nimeifunga njia yako. Hawakunilazimisha, nimeifunga mwenyewe, kwa jembe lako. Yule binti wa ndoo sijakutana naye tena, ila jana baada ya mvua nilikwenda kuyatazama maji kwa kuzungukia barabara ya chini. Bado yana tope, lakini nikitia mkono nauona.

Nimekukumbuka sana, mwenzangu. Nimekuudhi mara nyingi, umeniudhi zaidi, na sijui nitamtania nani tena kwa raha ile. Lala. Usihangaike na sisi, Deo yuko vizuri, ulezi wako umeota.

Na ahadi yangu ni hii, ngumu kwangu kuliko kama ungeniomba nije kaburini kila siku. Sitashuka tena pale. Hata nikikukumbuka vipi, hata siku nikiwa peke yangu na hakuna anayeniona. Jumamosi nitafika kwenye ule mche wa katikati, nitasimama kidogo nipumue, kisha nitakata kulia na wenzangu kwa njia mpya, na kuendelea na safari.

Ni mimi,
Mama Tusa