Somo la Kidato cha Nne

Jumanne, Sotik

Somo lenyewe lilienda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Niliwaeleza Kidato cha Nne kwamba seli ikilemewa hupunguza kazi ya kutengeneza protini ili ijiokoe. Mzigo ukikawia, seli za ubongo huenda zikakwama katika hali hiyo, na watafiti wanaihusisha na wasiwasi usioisha hata hatari ikishapita.

Faith akainua mkono. "Kwa hivyo mwalimu, mtu kama huyo hajifanyi?"

"Hajifanyi," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Asubuhi hiyo hiyo mke wangu alikuwa amesimama kando ya barabara na kikapu cha majani chai mgongoni, akishindwa kuvuka kwenda kituo cha kuuzia. Tangu lori lilipomkosakosa mwaka jana, hutetemeka miguu akisikia injini tu. Majirani walikuwa wanatazama. Nikaona haya, nikamwambia, "Mama Kiprono, wacha drama. Lori lenyewe hata halikukugusa."

Alitua kikapu, akarudi nyumbani. Nikavusha kikapu mwenyewe, nikaenda shule.

Jioni niliingia jikoni nimeshajipanga kuomba msamaha. Alikuwa anasonga ugali. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nisamehe kwa ile aibu ya asubuhi, Baba Kiprono. Nitajikaza."

Na mimi, mwalimu wa bayolojia, nikamjibu, "Haina shida."

Kisha nikanawa mikono, nikala.