Nekesa Ananiomba Jina Lako

Hapana Mama, bado sijampa. Ungekuwa hapa ungekuwa ushaniuliza mara mia, "Mwakio, umempa hiyo jina ama hujampa?" Sijampa. Ndio maana sikai chini. Naenda mlangoni, narudi, nashika simu, naiweka. Jana nilichukua pesa ya mtu wa karoti nikasahau kumpa karoti. Amenitukana mpaka kina mama wa soko wakampigia makofi.

Wacha nikueleze, maana uliondoka kabla hii maneno haijaanza. Kule kwa kanisa ya bibi yangu Nekesa, kule Mormoni, mtu akifa kabla wao hawajambatiza, mtu wa nyumbani kwake anaweza kuingia kwa maji badala yake. Mwanamke kwa mwanamke. Wanafanyia kwa hekalu yao, Nairobi. Sasa Nekesa anataka kwenda na wenzake wa hapa Voi, azamishwe kwa niaba yako. Yako wewe, Mama! Wewe mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki, wewe uliyekuwa unatoa wahubiri kwa boma na ufagio! Lakini bila mimi kukubali atumie jina lako hawezi. Mimi ndio mwanao, sheria yao iko hivyo.

Mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia, "Nekesa, mama yangu si mbuzi wa kuhamishwa zizi." Hakucheka. Akasema aliyekufa ana hiari yake, akitaka anakubali, hataki anakataa. Nikamwambia basi usijisumbue nauli, huyo namjua.

Huku kwingine tuko sawa. Ng'ombe wako bado ana kiburi, anakamuliwa akitaka yeye. Huko kwako Werugha mlimani ni ukungu wiki nzima, kabichi zimekuwa kubwa kama kichwa cha Mjomba. Bado nashusha mboga asubuhi nauza Kaloleni hapa Voi, jioni nauzia wasafiri mayai ya kuchemsha. Juzi nimejaribu biashara ya miwani ya jua. Nimeuza moja. Mnunuzi ni mimi.

Na mjukuu wako Mkawasi ametimiza miaka nane. Jumapili anaenda misa ya kwanza na mimi, halafu namkabidhi kwa mamake kwa mlango wa kanisa yao. Miguu imezoea, mikono ndio inachanganya. Kwetu padre akisali yeye amekunja mikono kifuani kama Mmormoni. Kule kwao anapiga ishara ya msalaba, watu wazima wanageuka. Majirani wakiniuliza huyu mtoto ni wa dini gani, nawaambia ana laini mbili, pigeni yoyote. Wanacheka. Mimi nacheka kuwashinda, ndio wasiulize tena.

Sasa kwao miaka nane ndio ya kubatizwa. Kwetu ndio anaanza mafundisho ya komunyo. Tulipooana tulisema na Nekesa, tutaona akifika nane. Si imefika, na haikubisha hodi. Nekesa akampeleka kwa kiongozi wao akaulizwe maswali. Nikaenda pia, nikakaa pembeni na shati yangu ya harusi. Mzee wa watu akamwuliza kwa upole, "Mkawasi, ungependa kubatizwa?"

Mtoto akasema, "Mimi nishabatizwa. Nyanya alinibatiza jikoni, na kikombe cha bati."

Mama!

Kikombe cha bati! Anasema ulimwambia siku mlikuwa mnaambua maharagwe. Ati alikuwa mchanga, homa imempanda, mvua imekata barabara, ukaona padre hatafika. Ukammwagia maji mwenyewe. Na miaka yote hiyo unatuangalia usoni unatumiminia uji! Nilipasuka kicheko pale pale mbele ya watu. Halafu nikamwona Nekesa, nikaacha kucheka.

Kufika nyumbani Nekesa akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nikajua maneno ya jina imeisha, sasa ni vita na marehemu. Asubuhi namkuta anapiga pasi sare ya mtoto. Akasema bila kugeuka, "Mamako alimbatiza mtoto wangu bila kuniuliza." Nikasema ndio. Akasema, "Mimi nakuuliza."

Nikaanza kutafuta soksi za mtoto. Mimi, Mama. Mimi mwenye mdomo.

Akaendelea na pasi. "Aliogopa kumkosa Mkawasi huko mbele. Na mimi naogopa kumkosa Mama."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi ya pikipiki ya mboga.

Unakumbuka siku nilimleta kwako mara ya kwanza? Ukamimina chai, akasema asante Mama, sisi hatunywi chai. Ukaniuliza mbele yake, "Kwani hawa wanakunywa nini, petroli?" Nikajisemea mchumba ameenda. Lakini aliporudi mara ya pili ulikuwa umeweka maziwa kwa chupa ya pembeni, umeifunga kitambaa chekundu, na yeyote akinyoosha mkono unamwambia hiyo ni ya Mmormoni, mtu asiguse.

Na ulipougua... Nani alikuwa anakuosha? Vidole vyako vilikuwa vinatetemeka, rozari inakuponyoka. Nekesa hajui Salamu Maria hata moja, lakini alikuwa anakaa kitandani anakusogezea shanga. Unamaliza moja, anasogeza ingine. Niliona hiyo kitu nikaenda kulia chooni, nikatoka nikasema ni moshi.

Sasa mimi nifanye nini? Ulizikwa na hiyo rozari mkononi. Niliiweka mimi. Nikimpa jina lako, nasikia kama nimerudi kaburini kuichukua. Nikimnyima, nitakula chakula chake na uso gani?

Basi sikiza, tupatane kama watu wa soko. Misa yako ya mwaka itasomwa huko Werugha, na Nekesa amekubali kukaa mbele na mimi. Hiyo ni yako, hakuna wa kuigusa. Mkawasi hamwagiwi maji na mtu mwingine mpaka aseme mwenyewe. Mamake amekubali kungoja, nilimuomba akakubali, ingawa ilimuuma. Na wewe pia usimtokee kwa ndoto. Mimi nitampeleka milango yote miwili kila Jumapili, hata mboga zioze. Hiyo nakuahidi.

Na jina, nampa. Ulimwaga maji yako, mwache naye aingie kwa yake, hakuna wa kumdai mwenzake.

Lala salama, Mama yangu. Nakukosa vibaya, hata matusi yako nayakosa.

Upande wako naomba kitu kimoja tu. Siku hiyo ukisikia unaitwa, nenda uone ni nani. Ukitaka kukubali, kubali. Ukitaka kukataa, kataa, ni haki yako. Lakini ukimkataa, mkatae polepole, kwa sababu atakuwa amesimama hapo amelowa mpaka nywele, kwa ajili yako.

Mwanao,
Mwakio