Ngata Juu ya Kiti cha Senene

Mpendwa Mama Alinda,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo. Migomba imezaa vizuri, kahawa imeanza kuiva, na magoti yangu yanalia kama bawaba za mlango wa kanisa.

Nakuandikia kwa sababu ya mjukuu wako Kemi. Amenunua pikipiki ya mbio, ya aina ileile tuliyokuwa nayo: usukani uko chini, dereva ameinama, na kiti cha nyuma kimepanda juu kama senene anayetaka kuruka. Ndiyo maana sisi yetu tuliiita Senene, ukikumbuka. Akaniuliza, "Babu, ninyi mlitokaje Bukoba mpaka Nyakakika na kitu hiki, tena kwa njia ya vumbi, bila kuvunjika mgongo?"

Nikamjibu, "Bibi yako ndiye aliyejua."

Nimemweleza yote isipokuwa jambo moja. Hilo ni lako na mama yangu, na limechelewa sana.

Senene nilimnunua kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, miaka michache baada ya vita. Sote wawili tulikuwa walimu Bukoba, na ulikuwa bibi harusi wa miezi miwili. Mama hakuweza kuja harusini kwa sababu ya mguu wake uliokuwa unauma, kwa hiyo safari ile ndiyo ilikuwa ya kwanza ninyi kuonana. Mimi mwalimu wa hesabu nikapiga hesabu zangu: tukienda bila kusimama, tutafika kabla ya chakula cha mchana.

Ulikaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama ilivyompasa mke wa mwalimu. Hakuna aliyewaza vinginevyo. Kwenye keria ya baiskeli mkao huo hauna neno, maana baiskeli haina haraka. Kwa Senene, kiti cha nyuma ni chembamba na kiko juu. Kiuno kinapinda, na tako moja linabeba safari nzima. Nilikufungia mto wa sponji. Tulipofika Kyaka mto ulikuwa umelala bapa kama chapati.

"Mwalimu, tusimame kidogo," ulisema.

"Tutasimama Kayanga," nikajibu.

Kayanga ukaomba tena. Nikasema, "Tumeshakaribia."

Tulipofika Nyakakika, Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka, na kisahani cha akamwani, zile kahawa za kutafuna tunazompa mgeni kabla ya neno lolote. Ulijua la kufanya. Kwenu kama kwetu, mwanamke hupiga goti anapomwamkia mkubwa. Ulishuka, ukapiga hatua tatu, ukajaribu kukunja goti. Likakataa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu vilima vya mwisho. Ukashika mwimo wa mlango, ukasema "Shikamoo, mama" ukiwa umesimama.

Mama hakukujibu wewe. Alinigeukia mimi. "Huyu wako wa Bukoba ndivyo anavyoamkia? Wima, kama mlingoti wa bendera?"

Majirani wakacheka. Mimi nikachukua akamwani, nikatafuna.

Tulikaa siku mbili. Ulipika, ulichota maji, ulimenya ndizi rundo zima, na Mama akakuita "yule" tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya kwanza, ulinisogelea sikioni: "Safari ijayo napanga mimi."

Basi Kemi nimemweleza ulivyopanga, na nilifurahi kweli kulieleza somo lako. Kwanza, ngata. Ulitwaa majani makavu ya mgomba, ukayasokota duara kama ya kubebea mtungi kichwani, ukaizungushia kitambaa, ukaiweka juu ya kiti. Sponji laini hudanganya kwa nusu saa, kisha unakalia bati. Ngata inakubeba kwenye mifupa miwili ya makalio, na kifandugu, ncha ya uti wa mgongo, kinaning'inia hewani bila kuguswa. Jambo dogo, lakini mimi na shahada yangu ya ualimu sikuliona.

Mimi nilikuwa nalalamikia viganja na mabega. Ukanitazama nikiendesha, ukasema, "Unaulalia usukani kama meza. Bana tangi kwa magoti, tumbo likubebe. Mikono ishike kama umeshika kifaranga: asikimbie, asife." Nikafunga mkoba wa nguo juu ya tangi ili kifua kipate pa kuegemea. Kwa baridi ya vilimani ukaniwekea gazeti kifuani, chini ya shati. Na kila saa moja, tulisimama. Tulitembea, tulikunywa maji, tulitafuna akamwani, tukapanda tena. Ajabu ni kwamba hatukuchelewa. Mtu asiyeumwa hapunguzi mwendo.

La mwisho lilikuwa la hatari. Ulivaa suruali yangu ndani ya kitenge, ukakaa mguu huku na mguu huku. Njiani tulipigiwa miluzi. "Mwalimu, umebeba mwanajeshi?" mmoja alipiga kelele. Ukampungia mkono.

Tulipokaribia nyumbani kwa Mama ulishuka, ukatembea ukipita migombani ili miguu iamke. Ulifika mbele ya Mama ukapiga goti zuri, taratibu, kichwa chini. Ila ulikuwa umesahau kuivua ile suruali, na ikachungulia.

Mama akainama. "Hii si suruali ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Pikipiki ya mwanao inakula miguu."

Mama akaangua kicheko mpaka kisahani kikamwagika. "Kumbe! Basi na mimi nisokotee ngata yangu. Jumapili anipeleke kanisani." Na alikwenda, mguu huku na mguu huku, suruali yangu ikionekana chini ya kitenge. Mchungaji alisahau zaburi.

Mlipendana tangu siku ile. Lakini hadi anafariki, Mama alikutania mbele za wageni: "Huyu ndiye binti yangu aliyeniamkia wima." Ulicheka, wageni wakacheka, na mimi nikacheka. Kila mara ulinitupia jicho moja tu, fupi. Nilijua unangoja nini. Sikukisema.

Jumamosi iliyopita Kemi alinibeba hadi Nyakakika, huko mlipo ninyi wawili. Ngata nilisokota mwenyewe. Imepinda kidogo, lakini ilifanya kazi. Siku hizi kuna lami, na mtoto anapenda mwendo. Kyaka nilimgusa bega. "Tusimame kidogo." Akasimama palepale, hata hakuuliza sababu. Nilishuka nikajifanya naangalia maji ya mto.

Kaburi lako na la Mama yapo karibu kama mnavyojua, migombani, hatua mbili baina yenu. Nikapiga goti katikati.

"Babu," Kemi akasema, "mwanamume anapiga goti?"

"Leo anapiga."

Nikasema kwa sauti, ili nyote wawili msikie: "Mama, alikuamkia wima kwa sababu yangu. Aliniomba tusimame, mara mbili, nikakataa. Kisha nikanyamaza."

Nilipotaka kuinuka, miguu ikagoma. Kemi alicheka hadi akajishika kiuno. "Imekufa ganzi, babu?"

"Imekufa kabisa."

Akataka kuniinua, nikamwambia aache kwanza. Nikabaki pale na ninyi mpaka damu iliporudi. Ilikuwa kama dakika kumi, Mama Alinda. Hukuwa umeomba zaidi ya hizo.

Lala salama, mpenzi wangu. Kiti cha nyuma bado ni chako.

Dereva wako,
Baba Alinda