Picha ya Somo la Nne

Mpitimbi,
12 Januari 2025

Mwanangu Osmund,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Ruhuwiko? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikishuka bondeni. Kifua chako kimepoa? Ulikohoa Krismasi nzima na bado ukakataa majani ya mkaratusi niliyokuchemshia, eti mkaratusi unakausha maji. Nilikuambia uyanywe, sikukuambia uupande.

Naandika kwa sababu simu yangu haishiki mtandao mpaka nipande juu ya kichuguu, na mtu hawezi kuzungumza na mwanawe akiwa juu ya kichuguu huku wapita njia wanasikiliza. Barua nampa Leo wa bodaboda, yeye anaiacha dukani pale Mfaranyaki uichukue. Kutoka kwako hadi huku hakuna kulala njiani, lakini naona barua zinafika kuliko wewe.

Sasa nieleze habari za picha yangu. Ulinipiga nimesimama katikati ya magimbi na kitenge chenye picha za feni ulichoniletea, ukasema ni kwa ajili ya masomo ya mazingira mnayotengeneza kwenye mtandao, na kwamba shule za mkoa mzima zitayasoma. Nimewatangazia Jumuiya nzima. Jirani yangu Getruda tangu siku hiyo hanisalimii vizuri, wivu mtupu. Kinachonisumbua ni zile gambuti, moja nyeusi na moja ya kijani, maana pacha wa kila moja alipasuka zamani. Ungeniambia nizivue. Ukasema ziko sawa tu.

Leo atakupa na kiroba cha magimbi. Bonde limezaa vizuri. Shamba lile halijatuangusha tangu marehemu baba yako alipolima tuta la kwanza kando ya chemchemi.

Shangazi yako,
Kunegunda


Ruhuwiko,
3 Machi 2025

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Ofisini tulikuwa tunamalizia masomo na sikupata nafasi hata ya kunyoa.

Masomo yamekamilika, yako kumi. Kuna maelezo, picha, sauti, na maswali ya kujipima mwisho wa kila somo. Kwa shule ambazo mtandao unasumbua tumeyaweka kwenye memori kadi, na huko kwenu kadi ameshapelekewa Mwalimu Shukuru, yule mgeni aliyehamia kutoka Singida.

Picha yako tuliitumia kidogo. Kwenye kazi hizi picha zinakatwa-katwa, shangazi, kwa hiyo usishangae usipojiona vizuri. Wala usijisumbue kwenda kutazama, ni mambo ya wanafunzi, utachoka bure. Nitakuja mwenyewe na kompyuta nikuonyeshe polepole.

Jambo lingine. Lile shamba la bondeni, umewahi kufikiria kulipunguza? Sheria inataka mtu alime mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Nakuambia tu kama mtoto wako.

Magimbi yalikuwa matamu. Nimekula na wenzangu wote ofisini.

Mwanao,
Osmund


Mpitimbi,
11 Machi 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, mvua inaendelea, tunamshukuru Mungu. Nimefurahi umepona.

Eti nisijisumbue! Nikulee tangu una miaka sita, nikupeleke shule, kazi yako ije mpaka shule ya hapa, halafu nibaki nyumbani nachambua maharage? Nimezungumza na Mwalimu Shukuru. Atayaonyesha Ijumaa hii kwa projekta, saa saba mchana, kabla hatujaenda kwenye Njia ya Msalaba, na wazazi wanakaribishwa. Jumuiya yetu tunakwenda wote. Getruda naye anakuja, nimemwahidi nitakaa naye mbele. Nitavaa kile kitenge cha feni, ili hata wakinikata-kata watu wanitambue.

Nimemwambia Leo barua hii ikufikie kesho Jumatano bila kukosa. Ukiweza njoo, tukae pamoja. Nitakuwekea nafasi.

Habari za mita sitini tutazungumza ukija.

Shangazi yako,
Kunegunda


Mpitimbi,
23 Machi 2025

Osmund,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Masomo tuliyaona. Projekta ya mwalimu ina mwanga mzuri, hata waliokaa nyuma waliona. Nafasi yako niliiweka, baadaye akakaa mtu mwingine.

Mvua bado ipo. Sina zaidi.

Kunegunda


Ruhuwiko,
14 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuuliza habari za afya, lakini nauliza. Goti? Usingizi?

Barua yako ina siku ishirini mezani kwangu. Kila asubuhi naisoma ile sehemu ya mwisho, ulipoandika "Kunegunda" peke yake. Tangu nijue kusoma, hujawahi kuniandikia bila kuniambia wewe ni nani wangu.

Naomba nikuambie yote, ingawa umeshayaona. Somo la nne linahusu watu wanaolima ndani ya vyanzo vya maji. Tulihitaji picha ya huku huku Songea, muda ulikuwa umekwisha, na mimi nilikuwa nayo kwenye simu. Nikakukata kuanzia kifuani kwenda juu. Nilijiambia mtu asiye na kichwa hajulikani. Gambuti niliziona, shangazi. Niliziona na nikaziacha, kwa sababu zilifanya picha ionekane ya kweli. Halafu nikaweka alama nyekundu ya kosa juu yake.

Swali la tatu nililitunga mimi, si mtu mwingine. "Mkulima huyu ana kosa gani? (a) Hajui sheria. (b) Hajali wenzake. (c) Anafikiria tumbo lake tu. (d) Yote yaliyotajwa." Jibu sahihi nikaweka (d). Bosi alilisifu, akasema ni fupi na kali. Nami nikafurahi kusifiwa.

Na barua yako ilinifikia Jumatano ile, saa nne asubuhi. Nilikuwa na siku mbili. Ningeweza kupanda pikipiki nikakuambia usiende, au nikampigia Mwalimu Shukuru aruke somo la nne. Nilikaa ofisini nikajifanya nina kazi. Nilikuwa naona aibu kukutazama, nikaona heri uaibike mbele ya watu nikiwa mbali. Ndivyo nilivyo, shangazi, na sijipendi.

Picha nitaiondoa. Kwenye mtandao ni kazi ya dakika moja. Memori kadi zimeshakwenda shule arobaini, lakini nitazifuata moja moja. Niambie nije lini nikupigie magoti.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Osmund


Mpitimbi,
11 Mei 2025

Osmund,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima wa mwili. Pasaka tulisali vizuri.

Sikutaka kukuandikia. Lakini nimekaa na hili jambo siku nyingi, basi acha nilitoe.

Tulikaa mbele, mimi na Getruda. Masomo matatu ya kwanza nilikuwa namgusa kiwiko, namwambia, huyo anayesoma ni mtoto wangu, sikiliza sauti yake. Ikaja picha. Mimi sikuijua, maana haina uso, mtu hajijui kwa tumbo, na akili yangu yote ilikuwa kwenye sauti yako. Ikaja na swali, na sauti yako ikauliza mkulima huyu ana kosa gani. Mwalimu akasema wazazi nao wajibu. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono, Osmund. Nikasema kwa sauti, "Yote!" Nilitaka mtoto wangu asikose mtu wa kumjibu. Ikaandika hongera, umepata. Ndipo msichana mmoja nyuma akasema, "Mbona hizo ni gambuti za bibi Kunegunda?" Watu wakacheka. Halafu wakaona kitenge nilichovaa, wakaacha kucheka. Kule kuacha kucheka ndiko kuliniumiza zaidi. Getruda alinishika mkono hadi kanisani, na kituo baada ya kituo nilikuwa sisikii kinachosomwa.

Sasa nikienda chemchemini wanawake wananipisha. Wananiacha nichote wa kwanza, kimya, kama wanavyompisha mwenye msiba. Afadhali wangenitukana.

Nimekuwa na hasira na wewe, na bado ninayo. Lakini kuna jambo moja nimelificha miaka mingi, nawe ni lazima ulijue. Jibu lako la (a) si sahihi. Mimi nilijua. Mwaka ulioingia kidato cha tatu, ukame ulipokuja, nilimwona mke wa Kassimu amepiga magoti chemchemini anateka kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, ndoo nzima. Magimbi yangu yako hatua kumi na moja kutoka pale, yamenona. Nilimsalimia, nikapita, nikaenda kuongeza tuta, kwa sababu muhula ulikuwa unaanza na wewe ulihitaji kila kitu. Siku hiyo nilijua, na kila mwaka uliofuata nilijua. Ulipomaliza shule nikasema nitaacha, nikawa nimeshazoea. Kwa hiyo hukunisingizia. Ulisema kweli, na ukaisema ukiwa umeshiba magimbi yale yale.

Picha usiiondoe. Ukiiondoa watasema nimekulilia. Ila lile swali, lirekebishe. Wewe ndiye msomi, tafuta namna.

Kunegunda


Ruhuwiko,
26 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba uwe mzima.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale dukani Mfaranyaki, mpaka mwenye duka akanipa kiti. Sikujua habari za mke wa Kassimu. Nilijua tu kwamba kila nikirudi shule sanduku lilikuwa limejaa, na sikuwahi kuuliza limejazwa na nini. Mtu anayetunga masomo ya mazingira, na hilo sikuliuliza.

Nimelirekebisha somo la nne. Bosi hakupenda, alisema somo si mahali pa kuungama. Tulibishana siku tatu, mwisho akaniachia. Ile alama nyekundu nimeitoa. Nakuandikia maneno yenyewe, nawe ukiona neno la kufuta, lifute:

"Shamba hili liko hatua kumi na moja kutoka kwenye chemchemi ya kijiji. Sheria inataka mita sitini. Mwenye shamba ni shangazi wa mtu anayekusomea somo hili. Alijua kwamba maji yanapungua. Aliendelea kulima kwa sababu alikuwa na mtoto wa marehemu kaka yake wa kumsomesha. Swali la tatu: Nani walikunywa maji ya chemchemi hii? Andika majina yote unayoyaona."

Jibu nimeweka hivi: "Wanakijiji, magimbi, na mimi Osmund niliyeandika somo hili."

Naomba ruhusa ya jambo moja. Nataka nirudishe kichwa chako kwenye picha. Ukikataa nitaelewa.

Pentekoste nitakuja, hata usiponijibu. Nitakuja na jembe, nikusaidie kung'oa magimbi na kupanda miti ya maji. Nitakuja na kamera pia, tupige picha ya bonde likiwa jipya, tuiweke mwisho wa somo.

Mwanao,
Osmund


Mpitimbi,
2 Juni 2025

Mwanangu Osmund,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, wewe je? Goti limepoa, kwa vile sishuki tena bondeni mara tatu kwa siku. Naona lilikuwa upande wa sheria siku zote.

Maneno yako nilimpa Mwalimu Shukuru awasomee watoto, nami nilikaa nyuma safari hii. Lilipofika swali la tatu wakaanza kuandika. Yule msichana wa gambuti alinyoosha mkono akauliza, na yeye aandike jina lake? Kwao wanakula magimbi yangu tangu hajazaliwa. Mwalimu akanitazama. Nikamwambia aandike.

Kichwa kirudishe. Gambuti zile zina mwenyewe.

Jembe lako liache, nimemaliza. Nimeng'oa peke yangu, wiki mbili, tuta moja moja, mpaka lile la mwisho la baba yako. Pale nilikaa chini kidogo kwanza. Mikuyu na miti mingine ya maji tutapanda pamoja na wenzangu mvua zikianza, Kassimu ameshatupa miche. Na juzi nilipokwenda kuteka maji, Getruda aliniambia kwa ukali, wewe mama, panga foleni kama wengine. Nilirudi nyumbani nikalia kwa furaha, nikawasha moto nikapika.

Bado sijaimaliza hasira. Pentekoste njoo, utanikuta nayo, tutakula nayo mezani.

Leo wa bodaboda atakupa kiroba. Ni magimbi yaliyotoka kwenye lile tuta la baba yako, mengine madogo, yameumwa na jembe. Hayatakuwapo mengine. Nilitaka kuwagawia majirani, nikaona hapana, haya ni ya kwako, uyamalize wewe mwenyewe, usiwape wenzako wa ofisini.

Yamenye, uyachemshe, uyale. Usiyapige picha.

Shangazi yako,
Kunegunda