Redio ya Zahoro na Wimbi la Juu

Mtaa wa Kongo, Kariakoo
Dar es Salaam
3 Machi 1957

Mdogo wangu Jaya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Poona, India, unakosoma. Sisi hatujambo. Mama yangu magoti yanamsumbua, ila duka la nafaka anafungua kila siku. Baba yangu anakusalimu, anauliza kama wali wa huko unalika.

Jaya, huko kwenu mlango wa pili, baba yako hayuko sawa. Unamkumbuka Zahoro wa mkahawa? Alinunua redio kwa baba yako ili wateja wake wasikilize Cairo jioni. Sasa sauti inapotea. Inasikika vizuri, kisha inazama polepole mpaka inakuwa mnong'ono, halafu baada ya muda inapanda tena. Ameirudisha mara kwa mara. Baba yako amebadilisha valvu, ameunga nyaya upya, wapi. Juzi Zahoro alisimama barazani mbele ya watu akasema fundi amemuuzia kopo. Wengine wameanza kuchukua redio zao.

Kinachonitia hofu si Zahoro. Ni kwamba baba yako amemwamini. Jana nilimpelekea chai, nikamkuta ameketi tu, mikono mapajani. Akaniambia, "Josepha, mikono yangu imezeeka. Nitauza duka." Tangu mama yako afariki sijamwona hivyo. Alinikataza nisikuandikie.

Nakumbuka tulivyokaa chini ya meza yake tukila kachori, naye akituambia tunyamaze, asikilize redio inaumwa wapi. Utoto ule ulikwenda wapi?

Dada yako,
Josepha


Poona
24 Machi 1957

Dada Josepha,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo kwa chakula cha bweni. Mwambie Mama Josepha akande magoti kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, nikashindwa kuingia darasani. Dada, nadhani redio ya Zahoro ni nzima. Hicho ndicho ninachojifunza hapa. Juu sana, kupita mawingu, kuna tabaka la hewa ambalo jua limelitia umeme. Sauti ya Cairo hupanda, ikaligonga, ikarudi chini mpaka kwenu. Lakini tabaka hilo halitulii. Mawimbi hupita ndani yake, marefu ajabu, moja lake linaweza kufunika njia yote ya kutoka Dar hadi Morogoro. Wimbi likipita, tabaka huinuka na kushuka, na sauti nayo hupotea njia kwa muda.

Sisi tunayafuatilia. Tumeweka mitambo katika vijiji vitatu. Tunarusha mlio juu na kungoja mwangwi wake. Wimbi lile lile hufika kijiji kimoja kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Tukilinganisha saa tunajua linatoka wapi na linakwenda mbio kiasi gani. Mwezi huu mengi yanatoka kaskazini. Kwa nini, hata mwalimu wetu hajui.

Fanya hivi. Chukua redio ya kwenu, ile ya baba yako, iweke karibu na ya Zahoro, zote zifungulie Cairo. Zikizama pamoja na kupanda pamoja, kosa haliko dukani. Ila wimbi haliitwi likaja. Mvumilie.

Baba alinifundisha kusikiliza kabla sijajua kusoma. Usimwache auze duka kwa sababu hiyo.

Mdogo wako,
Jaya


Kariakoo
19 Mei 1957

Mdogo wangu Jaya,

Marahaba. Mafuta ya ufuta yamesaidia, Mama anakuombea.

Zahoro nilimbembeleza siku kadhaa ndipo akakubali. Jioni ya kwanza redio zote mbili ziliongea safi tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wakanicheka. Baba yako hakutaka hata kuja.

Jioni iliyofuata nilimshika mkono nikamvuta. Alisimama mlangoni, hakuketi. Habari zilikuwa katikati sauti ilipoanza kuzama. Ya Zahoro ikazama. Ya baba yangu ikazama nayo. Zahoro akainuka, akazungusha kitasa cha hii, akazungusha cha ile. Mkahawa mzima tunasikiliza minong'ono miwili. Kisha zote zikaanza kupanda, taratibu, kwa pamoja.

Baba yako akaja akaweka sikio kwenye redio moja, kisha nyingine. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe si mimi."

Zahoro akamimina kahawa mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. "Fundi," akasema, "nililosema barazani nalifuta hapa mbele ya watu wale wale."

Kesho yake baba yako alifungua duka mapema, akifagia na kuimba. Niliposikia ule wimbo wake nilikukumbuka mpaka nikalia.

Dada yako,
Josepha


Poona
10 Novemba 1957

Dada Josepha,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, kazi imenizidi. Natumaini nyote wazima.

Tumepata mawimbi mengi, na baada ya mvua yamegeuza upande. Mwalimu ameniomba nibaki, miaka mitatu, pengine zaidi. Nilimwandikia baba nikimweleza. Nilitegemea atanikatalia. Amejibu neno moja: "Kaa."

Jioni nikitoka kwenye mtambo natamani kutembea nawe Mnazi Mmoja, tukisimama njiani kununua mihogo ya kukaanga. Hapa wanauza vitu vitamu vingi, lakini hakuna anayeniita kwa jina barabarani.

Je, baba yuko sawa kweli?

Mdogo wako,
Jaya


Kariakoo
26 Januari 1958

Mdogo wangu Jaya,

Marahaba. Mama na Baba wazima, wanakusalimu sana.

Baba yako yuko sawa. Barua hii inakuja kwa ndege, kwa hiyo utaisoma kabla hajafika. Alipanda meli ya Bombay jana. Zahoro alibeba sanduku mpaka bandarini, hakutaka hamali aliguse. Duka ameliuza, safari hii kwa hiari yake. Aliniambia anakuja kukutazama tu, mvua za masika zikiisha atarudi. Aliniuliza kama nadhani mwalimu wako atamruhusu aushike mtambo.

Nilimsaidia kufunga mizigo. Katikati ya mashati alikuwa ameiweka picha ya mama yako, ile kubwa ya ukutani. Niliizungushia kanga yangu, kioo kisivunjike.

Meli ilipoondoka nilirudi kwa miguu peke yangu. Kufika mtaani nikakuta mpangaji mpya anapaka mlango wenu rangi ya kijani. Akaniuliza kama mimi ni wa humu. Nikamwambia ndiyo.

Jaya, usiniahidi kwamba utakuja. Wewe niandikie tu.

Dada yako,
Josepha