Moto Wangu wa Veda Hapa Chole

Ndugu yangu Salum,

Salamu kutoka Chole, Mafia, zinanuka moshi. Unajua nilikuja kuwahubiria Mabaniani wenzangu: tuache sanamu, turudi kwenye Veda, vitabu vyetu vya kale, tena tuwe kitu kimoja, tusibaguane kwa ukoo. Leo asubuhi nikawasha moto wa ibada, nikamimina samli bila kipimo, nikasahau kwamba juu yangu ni makuti. Paa likashika! Watu wasiokunywa maji yaliyotekwa na mtu wa ukoo mwingine wakapokezana ndoo toka kisimani, mkono kwa mkono. Umoja ndio huo! Mzee Jivan, mmoja wa wapokezana ndoo, akaniletea kata ya maji ninywe. Nami, mhubiri mzima, nikauliza, “Kayateka nani?”

Shikamoo yangu imfikie mama. Mwambie nyusi zitaota tena, akili sijui.

Wako, Ramji